Fundi Aliyetukataza Kutazama

Fundi hakuwa mtu wa kukutazama usoni. Ukimsalimu aligeuza kichwa upande kidogo, akakunja macho kama mtu aliyesimama juani hata kama mko ndani ya nyumba, akaitikia kwa sauti ya chini. Wageni walidhani ana dharau. Sisi tuliokaa naye Lisekese, chini ya vile vilima vya mawe vya Masasi, tulijua ni macho tu. Yalikuwa mekundu pembeni siku zote, na asubuhi yalimtoka machozi kabla hata hajanawa.

Kazi yake ilikuwa kuchomelea vyuma kwa umeme. Miaka ile ya mwisho mwisho ya Waingereza sisi tulimjua mtu mmoja tu wa kazi hiyo, na ni yeye. Alikuwa na injini iliyofungwa juu ya magurudumu mawili, yenye mngurumo ambao hata mtoto wa mgongoni aliutambua. Ujuzi aliupata jeshini, nchi za mbali, wakati wa vita. Habari za vita hakuzisema. Ukimuuliza alikuwa akifanya nini huko, alijibu kwamba alikuwa anaunga vilivyovunjika, kisha anakuuliza kama mvua imefika kwenu.

Jina lake nilikuwa nalijua, lakini sikuwahi kumwita kwalo. Nilimwita Fundi, naye aliniita Mwalimu tangu siku ya kwanza, wakati nilikuwa na miaka ishirini na moja na hata watoto wa darasa la kwanza hawakuwa wamezoea kuniita hivyo.

Nyumba yake ilikuwa ya kuchekesha. Mtu aliyeweza kuunga fremu ya lori ikabeba magunia ya mihogo mpaka Lindi na kurudi, mlango wake mwenyewe aliufunga kwa kamba ya gome. Kitanda chake kilikuwa na miguu mitatu na jiwe moja. Dada yake, aliyekuwa anakuja kumpikia, alimwambia kila wiki atengeneze bawaba za ule mlango, naye kila wiki alikubali kwa unyenyekevu kabisa. Nilipohama Lisekese kamba ilikuwa bado ipo.

Alikuwa Mwislamu, hakosi swala, na Ramadhani aliishika vizuri kuliko wengi waliomsema. Lakini Jumapili jioni, sisi wa kanisani tulipokuwa tunafanya mazoezi ya nyimbo, alikuja akakaa nje kwenye ukingo wa msingi, mgongo ukutani, akasikiliza mpaka mwisho. Baba yangu, ambaye alikuwa mwalimu wa dini, alimkaribisha ndani mara mbili. Fundi alimshukuru akasema hapo hapo panamtosha. Siku moja nilimuuliza anapenda wimbo upi. Akaniambia hajui maneno hata ya mmoja. Anachopenda ni pale sauti nyingi zinapofika mahali pamoja kwa wakati mmoja. Nilikaa na jibu hilo siku nyingi.

Radi aliiogopa. Hilo nalo watu walilicheka, kwamba mtu anayewasha umeme mkononi mwake huingia chini ya kitanda mawingu yakinguruma. Alisema hakuna ajabu, maana ule wa mkononi anajua swichi yake iko wapi.

Lakini jambo ambalo kila mtu wa Masasi wa wakati ule atakueleza ni onyo lake. Kabla hajagusa chuma alisimama wima, akatazama huku na huku, akapaza sauti watu wageuke. Alisema kwa Kiswahili, akarudia kwa Chimakonde, akarudia tena kwa Chiyao, na kama kuna mama Mmakua anapita na mzigo alimtafutia na yeye maneno yake. Hapo tu ndipo alipoinua ile ngao yake ya mkono yenye kioo cheusi, akaificha sura, akawasha. Ule mwanga ulikuwa mweupe wenye ubuluu, mkali hata mchana wa jua kali, ukipiga ukuta wa duka mpaka vivuli vya watu vinaruka. "Moto huu hauna moshi," alikuwa akisema. "Wenye moshi mtu anaukimbia mwenyewe. Huu unautazama unaona mzuri, husikii chochote, unakwenda nyumbani unakula vizuri. Jua likizama ndipo unakufuata."

Watoto wakaidi aliwashika bega akawageuza kwa mkono wake. Mzee mmoja aliyekataa kugeuka, akisema haamrishwi na kijana, alimzimia injini na kumsubiri. Walikaa hivyo, mmoja kwenye gogo na mwingine kwenye magurudumu ya injini, mpaka mzee akachoka akaenda zake.

Yeye mwenyewe alikuwa hajichungi. Ile ngao inafunika kila kitu, ukiwa nyuma yake huoni hata mkono wako mpaka moto uwake. Kwa hiyo kila alipoanza aliichungulia pembeni kwanza, apate kuona chuma kiko wapi, na moto ulimpiga kabla hajajifunika. Mara mia kwa siku. Nilimwambia anawakataza watu kile anachokifanya mwenyewe. Akanijibu kwamba macho yake yeye ni ya kazi, ya watu wengine ni ya kuonea.

Sitaki kuficha kwamba nilikuwa nampenda. Wakati ule sikulipa jambo hilo jina. Niliona tu kwamba baiskeli yangu ilihitaji fundi mara nyingi kuliko baiskeli za walimu wengine. Yeye alikuwa na miaka thelathini na kitu, mtu mzima, mwenye dini yake. Mimi binti wa mwalimu wa dini. Hakuna aliyesema neno. Nilimpelekea baiskeli, akaitazama kwa macho yale yaliyokunjwa, akasema acha hapo kesho utaikuta. Kesho yake nilikuja mapema kuliko ilivyohitajika.

Kisha nikahamishiwa Chilangala, juu Newala. Mtu ambaye hakukaa kule uwanda wa juu miaka ile hawezi kujua maji yalikuwa nini. Ardhi nzuri, mihogo mizuri, mikorosho inakua, maji hakuna. Wanawake waliamka alfajiri wakashuka mteremko mpaka bondeni, wakachota, wakapanda na mitungi kichwani, na walipofika nyumbani jua lilikuwa limeshawapita. Maji ya kunawa uso yalikuwa maji ya kuoshea vyombo, na baadaye maji ya kuku. Kwa hiyo iliposikika kwamba serikali inapandisha maji kwa mabomba kutoka bondeni, watu hawakuamini mpaka walipoyaona mabomba yenyewe, marefu, meusi, yamelazwa kando ya njia. Na mwaka wa pili wa kukaa kwangu pale, asubuhi moja ya kiangazi, niko darasani, nikasikia mngurumo ninaoujua.

Fundi alikuwa amekuja na kundi la watu wa mabomba, wanaunga moja baada ya jingine. Kwa wiki nzima watoto wangu wa darasa la tatu hawakusoma. Waliona kupitia dirishani ile nyota inayowaka mchana, mbali kule chini, wakaniuliza ni nini. Nikawaahidi nitawapeleka.

Walikuwa kumi na mmoja. Tulifika saa nne asubuhi. Fundi alipotuona alizima injini, akajifuta mikono, akatusalimia wote, na nikaona amefurahi kwa namna ambayo hakuizoea. Hakujua aweke wapi mikono. Aliwaeleza watoto namna chuma kinavyoyeyuka, maji yatakavyopita ndani. Kisha akawaambia wageuke, kwa lugha zake zote. Wakageuka. Nami nikageuka.

Akaniita. Akasema, "Mwalimu, wewe njoo utazame, ukawafundishe." Akanipa ngao.

Nikamuuliza yeye je. Akasema yeye atafumba macho, kazi hii anaifanya kwa kusikiliza. Moto ukikaa sawasawa unalia kama samaki kwenye mafuta.

Nikaweka kioo mbele ya uso. Giza tupu, kisha katikati ya giza kikatokea kitu kama mwezi mdogo wa kijani, na chini yake chuma kikitiririka kama asali, kikijifunga nyuma yake mstari kwa mstari. Sijaona kitu kama kile tena. Nilimsikia akipumua. Aliponyanyua mkono, mwezi ukazimika, nikashusha ngao na kuomba aunge tena moja.

Akaunga tena. Safari hii ilichukua muda mrefu zaidi. Na nitasema yote: nilitambua, nikiwa nyuma ya kioo, kwamba watoto wamenyamaza. Watoto kumi na mmoja waliogeuka kweli hawanyamazi; wakinyamaza, wanatazama. Nilisikia ukimya ule na sikuondoa uso kwenye kioo.

Kesho yake alfajiri Mama Edita alikuja mlangoni kwangu na mtoto wake mgongoni. Edita alikuwa na miaka tisa, mkubwa mno kubebwa. Alikuwa amefungwa khanga usoni na analia kwa sauti ndogo iliyochoka. Mama yake akanieleza kwamba jana alikula, akacheza, na giza lilipoingia akaanza kusugua macho, akasema yamejaa mchanga. Hakulala. Hawezi kuyafungua. Kope zimevimba kama ameumwa na nyuki. Nilipotoka nje nilisikia vilio kutoka nyumba ya pili, na ya tatu.

Wote kumi na mmoja.

Jumbe, mkuu wa kijiji, alikusanya watu mbele ya shule. Fundi aliletwa na wenzake wawili wamemshika mikono, maana yeye mwenyewe alikuwa haoni. Alikuwa ameunga mabomba mawili bila kioo. Kitambaa kilicholowa kilikuwa kimefungwa machoni pake. Watu walipoona hivyo baadhi walilainika, lakini Mama Edita hakulainika. Alisema mtu huyu amewatoa watoto macho ayatie kwenye mabomba yake, ndiyo maana maji yatapanda mlima. Wapo waliotikisa vichwa kukubali. Mwanaume mmoja alikuwa ameshika panga, siyo kwa ajili ya shamba.

Fundi aliwaeleza taratibu. Alisema ni mwanga umeunguza ngozi ya jicho, kama jua linavyounguza mgongo, na ngozi hiyo huota tena. Imeshampata yeye mara nyingi na amepona mara nyingi. Kesho kutwa wataona.

Ndipo jumbe akauliza swali lililokuwa na maana. Alisema, kama ni mwanga, mbona Mwalimu alikuwepo na macho yake ni mazima?

Watu wote wakanigeukia. Macho yangu yalikuwa mazima, meupe, hayana hata wekundu, na kwa sababu ya macho yangu yule mtu alikuwa anaonekana mchawi. Ilikuwa nifungue mdomo niseme neno moja, kwamba nilikuwa na kioo. Lakini kusema hivyo ni kusema kwamba nilijikinga mimi nikawaacha watoto wao wazi nyuma yangu, na kwamba niliomba tena. Nikamtazama Fundi, ambaye hakuweza kunitazama.

Akajibu yeye. "Mwalimu aligeuka, kama nilivyosema. Hakutazama. Kosa ni langu, sikuwasimamia watoto." Kisha akasema wamfungie hapo hapo shuleni na watoto, na kesho kutwa kama mmoja wao haoni, wafanye watakalo.

Mwenye panga alimtazama jumbe. Jumbe akakubali.

Tukaziba madirisha ya darasa kwa mikeka. Watoto walilala chini kwenye majamvi, na Fundi katikati yao. Kilichotakiwa kilikuwa kimoja tu, maji baridi safi ya kulowesha vitambaa, tena na tena, na tulikuwa katikati ya kiangazi. Akina mama walileta mitungi yao ya nyumbani, wakaimimina, na ilipofika adhuhuri imekwisha. Nikashuka nao bondeni. Sikuwa nimewahi kushuka kuchota, walimu tuliletewa. Nilishuka mara moja siku ile na mara mbili siku ya pili, shingo ikawa kama si yangu, na kila nilipopanda nilijiambia nikifika juu nitasema. Nilifika, nikatua mtungi, nikalowesha kitambaa nikakiweka machoni pa Edita, nikaenda kwa mwingine. Nilipofika kwa Fundi nilikiweka kitambaa nikakibonyeza kidogo kwa kiganja.

Aliwatuliza wale watoto kwa hadithi za uongo mtupu. Aliwazuia wasisugue kwa kuwashikisha mikono, kila mmoja amshike jirani yake pande zote mbili, na atakayeachia amefungwa goli. Yeye maumivu yake yalikuwa makubwa kuliko yao. Nilimwona taya likitetemeka. Sauti haikutetemeka.

Siku ya pili jioni watatu walifumbua macho. Asubuhi ya tatu walikuwa tisa, kisha kumi. Edita bado. Mama yake alikuwa amekaa mlangoni tangu alfajiri. Mwenye panga alikuwepo uani. Jua lilipokaribia utosini, Edita akasema, bila kuulizwa, "Kuku yule hana mkia."

Mama Edita akageuka. Kulikuwa na kuku uani, na kweli hakuwa na mkia. Akalia pale pale, amekaa, khanga mdomoni. Dresa, mganga msaidizi wa zahanati, ambaye tulimtumia ujumbe, alifika alasiri hiyo na baiskeli yake, akawatazama mmoja mmoja na kusema yale yale aliyoyasema Fundi. Jioni Mama Edita alipika ugali wa muhogo na kisamvu cha nazi, akamletea mwenyewe, akapiga goti. Fundi akamwambia ainuke, chakula kinapoa.

Baada ya siku nne kundi la mabomba likasonga mbele. Alikuja kuaga shuleni. Alisimama mlangoni, sura upande kama kawaida yake, akasema, haya Mwalimu, nikasema, haya Fundi, safari njema. Mngurumo niliusikia wiki mbili hivi, ukipungua kila siku, mpaka siku moja niliposikiliza hakukuwa na kitu.

Maji yalifika. Watu walicheza ngoma siku mbili kwenye bomba. Mimi niliolewa na mwalimu mwenzangu, mtu mpole, tukaishi vizuri miaka mitano, akafariki kwa homa. Mtoto hatukujaliwa. Ninayasema haya kwa haraka siyo kwa sababu hayakuwa na uzito. Ni kwa sababu ninamzungumzia mtu mwingine.

Uhuru ulikuwa umeshaanza kuzungumzwa hata sokoni nilipopata habari kwamba Fundi amerudi Lisekese na hafanyi kazi tena. Likizo ilipofika nikapanda basi la asubuhi kutoka Newala. Nilimkuta amekaa kivulini nyuma ya nyumba, ungo mapajani, anachambua korosho kwa vidole, nzima huku, mbovu huku. Hakukosea hata moja. Mboni zake zilikuwa zimeingia ukungu mweupe.

Nikamwamkia. Akaitikia marahaba, akasimamisha vidole, akasema, "Mwalimu."

Dada yake alinipa kigoda na kurudi jikoni. Fundi akanieleza kwamba wa hospitali wamemwambia ni mtoto wa jicho, labda moto, labda ni Mungu tu. Anaona mwanga na anaona watu kama nguo zilizoanikwa. Tuliongea mvua, tuliongea korosho. Kisha nikasema. Nilisema yote tangu mwanzo, kioo, na kuomba tena, na ukimya wa watoto niliousikia, na mdomo nilioufunga mbele ya jumbe. Nilisema nilimwacha karibu auawe kwa sababu ya aibu yangu. Nilikuwa nimeyapanga maneno hayo miaka minane, na yalipotoka yalikuwa machache sana.

Aliuweka ungo sawa mapajani.

"Mwalimu," akasema, "mimi nilikuwa nimefumbua macho."

Nikamwambia sijamwelewa.

"Ulipoomba tena. Nilifumbua. Niliwaona watoto wote wamegeuka wanatazama. Injini ilikuwa hapa, mkono ulikuwa hapa. Ningeizima. Sikuizima."

Nikamuuliza kwa nini.

Alitafuta korosho kwenye ungo, akaishika, hakuiweka upande wowote.

"Ungeondoka," akasema.

Nilimtazama usoni, kwa mara ya kwanza bila yeye kugeuza kichwa. Nikasogeza kigoda, nikatia mkono kwenye ungo, tukaanza kuchambua pamoja. Nilikosea nyingi, naye alizipitia nyuma yangu akazirudisha mahali pake bila kunisema.

Basi la kurudi Newala lilikuwa linapita saa nane. Tulilisikia likija kutoka sokoni, likasimama barabarani, likapiga honi mara moja, mara mbili. Likangoja kidogo. Kisha likaanza kupanda, na sauti yake ikakaa masikioni kwa muda mrefu, maana barabara ile ina kona nyingi. Yeye alilisikia, nami nililisikia. Hakuna aliyelitaja.